Magunia Niliyomjazia Dama

Jela sijaingia, wanangu. Lakini nimewahi kunaswa ndani ya ukumbi wa chuo kikuu, na mtego niliutega mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa mwani hapa Kibuyuni. Mwaka juzi alitujia mwanafunzi wa utafiti, Dama, binti wa Kinango. Alitaka tujaribu njia mpya: kamba za mwani tuziache zielee kwa maboya, kwenye maji ya kina.

Tukakubali wanawake sita.

Mtoto ana adabu yule. Nilipoumwa mguu, alinichotea maji na kunikanda bila kuambiwa.

Basi samaki tafi wakaufyeka mwani wa maboya. Nilivuta kamba, ikatoka tupu.

Na kesho yake Dama alikuwa anakuja kupima mavuno. Alikuwa akipima nyumba kwa nyumba, kila mtu barazani kwake.

Nikajiambia, mgeni haaibishwi. Nikajaza magunia kwa mwani wa shamba langu la zamani.

Dama akapima, akacheka kwa furaha. Msimu wa pili nikajaza tena.

Siku ya kutetea utafiti wake akatualika sote. Tukaketishwa mstari wa mbele, maprofesa mezani, mlango nyuma yetu ukafungwa.

"Shoga, kiti hiki kimenimeza," Hafswa, mmoja wetu sita, akaninong'oneza. "Nikiinuka nitainuka nacho."

Sikuweza kucheka. Ukutani palikuwa na picha ya magunia yangu.

Dama akasema, "Kwa matokeo haya, napendekeza wakulima wa Gazi na Munje nao wahamie kwenye maboya."



Nikisema, namvunjia mtoto shahada yake. Nikinyamaza, wenzangu watavuta kamba tupu msimu mzima, na wana watoto wa kulisha.

Profesa Ngala akanigeukia. "Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kweli mwani ulistawi hivi?"

Dama alikuwa ananitabasamia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"La," nikasema. "Uliliwa na tafi. Magunia hayo niliyajaza kwa mwani wa shamba la zamani. Binti hana kosa. Nimemdanganya mimi peke yangu."



Kisha Hafswa akakohoa. "Si peke yako. Na mimi."

"Na mimi," akasema wa tatu.

Wakasema wote, mpaka wa sita.

Nikamgeukia Hafswa. "Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nimemdanganya mgeni? Ungenionaje?"

Dama akakaa chini pale pale mbele ya watu. Shahada haikupatikana siku ile.

Nilimfuata nje nimwombe radhi. Akanishika mikono yote miwili.

"Bibi, kosa ni langu. Misimu miwili nimepima magunia barazani. Hata siku moja sikuingia majini nikavuta kamba pamoja nanyi."

Mimi niliyekuja kuomba radhi, nikawa ndiye ninayefutwa machozi.

Sasa amerudi kuanza upya. Anajifunga leso kiunoni, anaingia nasi. Mwezi uliopita tulivuta kamba mbili, hazina kitu. Akaandika: tupu. Tukaenda kunywa chai.

Wanangu, mgeni mpe wali, mpe na kitanda chako. Uongo usimpe, hata wa huruma. Hataula peke yake. Ataubeba akawalishe wenzako.