Jongoo Bahari Niliyempeleka Kanisani

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana pale kanisani kwetu Kapsoya walicheka mpaka wakachoka, na hadi leo watoto wakiniona sokoni wanaita "Daktari!" halafu wanakimbia. Naitwa Nafula. Kazi yangu ni kuosha chupa za kioo kwenye maabara moja hapa Eldoret, na ningelisema hivyo tangu mwanzo, nisingekuwa na aibu hii ya kuwasimulia.

Maabara yetu inachunguza jongoo bahari. Ni mnyama wa baharini, hana uso wala miguu ya maana, yuko tu kama tango lililosahaulika kwenye mfuko (bahari yenyewe sijawahi kuiona, wao hutufikia kutoka pwani wakiwa wamelowekwa kwenye spiriti). Bosi wangu, Daktari Chebet, anatoa kwenye ngozi yake sukari za aina fulani. Si za kutia kwenye chai, na hazina utamu (hilo nimeulizwa na kila mtu). Ni sukari zilizoungana zikawa minyororo mirefu, na ukizitia kwenye kichupa chenye damu, ile damu inachelewa kuganda. Kwa hiyo huenda siku moja zikawa dawa. Huenda. Daktari Chebet hulitaja neno hilo kila siku, na mimi ndilo nililolisahau.

Sasa, kanisa letu lina Jumapili moja kila mwaka ya kushukuru kwa ajili ya kazi. Kila mtu hubeba kifaa chake cha kazi mpaka mbele na mchungaji anakiombea: fundi na nyundo yake, wa bodaboda na helmeti, mama mboga na kisu cha kukatia sukuma wiki. Mimi nilitoa burashi yangu ya kuoshea chupa, nikaitazama, mpini umechakaa na nywele zote zimelala upande mmoja, nikaona hapana, siwezi kupita mbele ya watu na kitu hiki. Nikaomba ruhusa kazini nibebe jongoo mmoja wa maonyesho, kwenye mtungi wake mdogo wa kioo. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Mchungaji alipoufungua mtungi (nani alimwambia aufungue?) harufu ya spiriti ikapanda, na kanisa letu ni lile linalokemea pombe kila wiki. Akarudi nyuma. "Nafula, umetuletea chang'aa madhabahuni?" Watu wakaangua kicheko, na mimi kwa kutaka kujiokoa nikanyakua maiki nikasema kwa nguvu, "Ndani ya huyu mnyama kuna kitu cha kuzuia damu kuganda!"

Kicheko kikakatika. Mchungaji akainua mikono. "Bwana asifiwe! Daktari wetu Nafula ametuletea dawa ya damu!"

Makofi yakapigwa, na vigelegele. Nilipaswa kusema pale pale kwamba mimi si daktari na hiyo si dawa, lakini mimi sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu, jamani, na ni matamu. Nikatabasamu, nikainamisha kichwa, jongoo akaombewa.

Katikati ya wiki Mama Rispa akaja kwangu na kuku. Huyu ndiye mama aliyenipokea nilipofika mjini kutoka Bungoma bila kazi, nikalala kwake na kula kwake mpaka nikasimama. Yeye aliwahi kulazwa kwa sababu damu iliganda mguuni, na tangu hapo anameza tembe kila jioni na kwenda kliniki kupimwa damu, jambo analolichukia sana. Nilidhani kuku ni wa kunipongeza. Nikamshukuru, nikamchinja, nikamla na dada yangu.

Alhamisi asubuhi nikiwa kwenye sinki, povu mpaka kwenye viwiko, Daktari Chebet akasimama mlangoni mbele ya wanafunzi wake wote. "Nafula, kuna mama kwa geti na jogoo. Anauliza Daktari Nafula. Tuko naye hapa?"

Wanafunzi walivyocheka, sitaki kukumbuka. Nikatoka, na bosi nyuma yangu.

"Kama ile kuku ilikuwa ndogo si ungeniambia?" Mama Rispa akasema, jogoo yuko kwapani. "Nipe dawa yangu basi. Hizi tembe za hosi niliacha kumeza tangu Jumapili, nisichanganye na yako."

Nikatazama mguu wake, umevimba, unamwagika nje ya sandali. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Mama, hakuna dawa. Bado inajaribiwa tu kwa chupa. Mimi mwenyewe naosha chupa."

"Hata mimi siwezi kukupa, Mama," Daktari Chebet akasema. "Hakuna mtu amewahi kupewa. Tafadhali rudi kliniki leo leo."

Mama Rispa akatutazama wote wawili. "Ile ya kweli mlisema na maiki, mbele ya watu. Hii mnaniambia kwa geti." Akaondoka na jogoo wake.

Jioni hiyo kulikuwa na maombi kanisani, nikajua naye atakuwepo. Nikaomba maiki. Nikasema mimi si daktari, naosha chupa, dawa haipo na labda haitakuwepo, na Mama Rispa asipomeza tembe zake anaweza kufa na mimi ndiye nitakuwa nimemuua.

Mzee mmoja huko nyuma akauliza: "Sasa Jumapili tuliombea nini?"

Mchungaji, ambaye ni mtu mkweli, akakuna kichwa. "Tuliombea jongoo."

Bati lilikaribia kung'oka kwa kicheko. Mama Rispa hakucheka. Alikuja mbele akichechemea, nikajua nazabwa kofi. Akanishika mkono. "Twende kliniki saa hii, wewe mwenyewe unipeleke. Na kuku yangu?"

"Tulimla, Mama."

Huko kliniki aligombezwa, akapimwa, akarudishiwa tembe zake, na foleni nzima akaitangazia kwamba huyu hapa ni daktari wa jongoo, na anaosha chupa vizuri sana.

Jumapili ya kazi ilipofika tena nilibeba burashi yangu, na nimeapa sitabeba kingine mpaka nistaafu. Mchungaji aliinusa kwanza, ndipo akaiombea. Nyuma yangu kwenye mstari alisimama Mama Rispa, mkononi ana mfuko wa tembe za hospitali.

"Mama, hii nayo ni kazi gani?" mchungaji akauliza.

"Kumeza," akasema. "Kila jioni. Omba."