Chumvi ya Bi Tuffley

Jikoni mwa Bi Mavis Tuffley hapakuwa na saa, wala hakuihitaji. Angekuwa huku ukumbini anapanga vikombe, anacheka na wateja, mara akanyamaza katikati ya neno, akasema, "Zimeiva hizo," akakimbilia jikoni. Na kweli, zingetoka skonzi zimepanda vizuri, mgongo una rangi ya asali. Watu wa Nether Combley walikwisha kuzoea. Pua ndiyo iliyokuwa ikiendesha mgahawa ule wa chai, mwenyewe alikuwa akiifuata tu.

Mgahawa wenyewe ni nyumba ya mawe mwisho wa kijiji, pale barabara inapoteremkia mashamba ya matufaha. Meza chache, vitambaa vya maua, mabuli yaliyovishwa kofia za sufu ili chai isipoe. Aliurithi kwa mama yake, pamoja na kikato cha shaba cha kukatia skonzi, chenye ukingo wa mawimbi. Wimbi moja lilibonyea siku mama alipokirusha kumpiga paka akamkosa, kikagonga ukuta. Tangu hapo kila skonzi iliyotoka mle ina kibonyeo ubavuni. Kijiji kizima kilikijua kibonyeo kile. Bi Tuffley peke yake alikuwa ameacha kukiona zamani.

Sasa, kila Januari watu wa huku huingia shambani jioni kuiimbia miti ya matufaha. Wanaimwagia mizizini pombe iliyotokana na matunda yake yenyewe, wanagonga masufuria ili mapepo yakimbie, ati mavuno yawe mema. Watu wazima hao, na kasisi yumo. Mwaka ninaousimulia Bi Tuffley alisimama kwenye baridi bila kofia, akagonga sufuria kuliko wote, akarudi nyumbani na homa ya mafua iliyomlaza mpaka watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini.

Mpwa wake, Prue, alikuja kutoka mjini kumuuguza. Msichana mwema, lakini hajui kukaa bure. Mgonjwa akilala, yeye anapanga kabati. Akatoa kila kitu kwenye mapakiti yaliyochakaa, akavitia katika chupa safi za kioo, akabandika majina kwa mwandiko wa kupendeza. Ndipo magadi yalipoingia katika chupa ya poda ya kuumulia keki. Unga mweupe na unga mweupe; nani angetambua? Bi Tuffley angetambua, kwa kuudokoa unga uliokandwa kwa ncha ya kidole kama alivyofanya maisha yake yote. Lakini homa ilipoondoka, iliondoka na pua yake na ladha yake.

Alinusa kitunguu, hakuna kitu. Alinusa siki, hakuna. Alilamba chumvi kavu kiganjani akaona kama analamba mchanga. Akakaa kitandani akalia kidogo, kisha akavaa aproni akashuka. Hakumwambia mtu. Huku kwetu mguu ukimuuma mtu utaisikia habari yake dukani mpaka uchoke, lakini mpishi asiyesikia ladha aende akamwambie nani? Alinunua saa ya jikoni yenye kengele, akawa anapima vitu kwa mazoea ya mkono, akafungua mlango.

Machi ikaja Jumapili ya Akina Mama, siku ambayo wana wasioonekana mwaka mzima huwaleta mama zao kunywa chai. Ukumbi ulijaa. Skonzi zikatoka, zimeelekea umanjano kidogo. Bi Tuffley aliona, akasema moyoni ni siagi ya majira haya, ng'ombe wameanza kula majani mabichi. Wateja wakapaka krimu, wakapaka jemu, wakauma.

Jamani. Anayejua chakula kilichozidi magadi anajua nasema nini. Ni sabuni. Ni kama mtu amekuoshea ulimi.

Basi wateja wakashika vikombe, wakanywa chai kwa pupa. Kisha mama mmoja akasema, "Nzuri sana, Bi Tuffley." Na mwingine, "Kama kawaida yako, mpenzi." Na wengine wote wakaitikia, nzuri, nzuri. Nimekaa na watu hawa miaka mingi na jambo hili bado linanipandisha hasira. Ukimkanyaga mtu wa huku, yeye ndiye anayekuomba radhi. Nje, kwenye magari, ndiko walikosema.

"Wewe umeimaliza yako?"

"Nimeitia mkobani. Yako je?"

"Nilimpa yule mbwa wa mzee Yapp."

"Akaila?"

"Akaenda kuizika."

"Lakini mtu si amwambie!"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Na homa ile iliyomtafuna? Angalia alivyobaki. Tungoje, atajua mwenyewe."

Wakangoja. Wana-kondoo wakazaliwa, Pasaka ikapita na keki zake, watembeaji wakaanza kupita na viatu vyao vya matope. Watembeaji si neno, wao huja mara moja tu hata ukiwapa asali. Wa kijijini ndio walioanza kupungua. Huyu ana wageni, yule daktari amemkataza wanga. Aliyebaki haachi hata siku moja ni Cuthbert Yapp, mzee wa kusuka nyua za miti hai, mjane, aliyekuwa akija kila siku baada ya chakula cha mchana tangu alipomzika mkewe Olwen. Alikaa meza ya karibu na jiko, mbwa wake Gaffer chini ya kiti, akala skonzi moja mpaka chembe ya mwisho. Alisema maneno machache sana. Aliondoka jua likianza kushuka.

Mwezi wa Mei, baridi ya asubuhi ilipokwisha, Bi Tuffley akatoa vyungu vyake vya maua kwenye madirisha ya ukumbi, kando ya meza za wateja, ili abadilishe udongo. Akatia kijiko, kikagonga kitu kigumu. Akakitoa, akakipangusa. Skonzi. Akachimba chungu cha pili. Skonzi. Chungu cha tatu nacho kilikuwa makaburi tele. Alikaa chini sakafuni na udongo mapajani, uso unamwaka kwa aibu. Siku zote zile alizokuwa akisikia nzuri, nzuri, watu walikuwa wanamzikia mikate yake mbele ya macho yake.

Yapp alipokuja alimsimamia mezani.

"Bwana Yapp, nikuulize kitu. Skonzi zangu zina nini?"

Mzee alikuwa na tonge mdomoni. Akatafuna, akameza, akakitazama kikombe. "Hazina kitu, Bi Tuffley. Nzuri kabisa."

"Kweli?"

"Kweli."

Hata Gaffer aligeuza uso.

Tangu siku ile Bi Tuffley hakulala vizuri. Kama mkono wake umekufa, atafunga mgahawa, hilo aliliamua. Hatakaa pale awe mzee anayeonewa huruma, watu wanakuja kunywa chai yake kama wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Lakini alitaka aambiwe. Kufunga nyumba ya mama yake kwa kukisia tu, hapana. Na nani atakayemwambia? Alimuuliza kasisi, akajibiwa nzuri. Akamuuliza mleta maziwa, naye akasema nzuri huku anarudi kinyumenyume.

Ndipo alipokumbuka maonyesho ya Agosti.

Katika maonyesho ya kijiji watu huleta vitunguu vyao, maua yao, jemu na keki zao ndani ya hema kubwa, na sahani haiandikwi jina, ni namba tu. Hapo ndipo pekee ambapo mtu wa huku husema ukweli, kwa kuwa hajui anamwambia nani. Mwaka uliotangulia mwamuzi aliandika kwenye kadi kwamba jemu fulani yafaa kugundishia bahasha. Ilikuwa ya mke wa kasisi. Bi Tuffley hakuwahi kushindana, maana mtu anayeuza skonzi kushindana na wanaojipikia nyumbani ni kutafuta maneno. Safari hii akasema, potelea mbali.

Asubuhi ya maonyesho alikuwa anafikicha siagi kwenye unga, mkono ukasimama. Wakisema mbaya, atajua la kufanya. Je, wakisema nzuri? Atajuaje kama ni nzuri kweli au ni nzuri ya vyungu vya maua? Alifikiri. Kisha akavuta gudulia la chumvi, akachota gao zima, kiganja kimejaa, akamwaga. Akalitazama bakuli, akaongeza kidogo. Sasa hakuna binadamu wa kuila hii akaisifu.

Aliipeleka sahani mapema, akapewa namba, akarudi zake.

Lakini mwamuzi wa kutoka nje gari lilimharibikia njiani. Wakamteua haraka Bi Lettice Garnons, mwenyekiti wa chama cha wanawake, mama mwenye kofia na moyo mwepesi. Bi Garnons alipita na kisu chake, anakata, anaonja, anatema kwa adabu kwenye kitambaa. Alipofika kwenye ile sahani, hakuhitaji kukata.

Alasiri hema ilifunguliwa. Bi Tuffley akaingia na umati, akasogea taratibu mpaka kwenye meza ya skonzi. Juu ya sahani yake palikuwa na kadi nyekundu. Ya mshindi wa kwanza. Na chini yake maneno: Nyepesi, ya kupendeza, mkono wenye uzoefu.

"Sijui ni za nani," Bi Garnons alisema kwa sauti, macho yake yakitazama kila mahali isipokuwa kwa Bi Tuffley, "lakini huyo mtu hongera zake."

"Hongera zake kabisa," wakaitikia.

Bi Tuffley akaziangalia skonzi zake. Safari hii akakiona. Kibonyeo, kibonyeo, kibonyeo, sahani nzima imejaa jina lake. Aliwatazama watu wale aliokua nao, wanaotabasamu, waliompenda kweli, na akawachukia wote kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuna atakayemwambia. Atazeeka akidanganywa mpaka siku ya kuzikwa, na huko nako watasema nzuri sana.

Akatoka nje akasimama karibu na mabunda ya majani makavu, akaamua kwamba Jumatatu atafunga.

Kumbe desturi ni kwamba baada ya kuamuliwa, vyakula huuzwa kwa ajili ya paa la kanisa. Akamwona Yapp anatoka hemani na ile sahani yake, amekwisha kuinunua. Mzee akakaa juu ya bunda, Gaffer akalala mbali kidogo. Akachukua skonzi, akaiuma. Machozi yakamtoka. Akatafuna, akameza, akauma tena.

Bi Tuffley hakuweza kuvumilia. Akamwendea.

"Vipi hiyo, Bwana Yapp?"

"Nzuri, Bi Tuffley."

"Nimetia gao zima la chumvi."

Yapp akaacha kutafuna.

"Na kidogo juu yake," akasema Bi Tuffley. "Kwa makusudi. Sisikii ladha, Bwana Yapp. Sijasikia kitu tangu Januari. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie, na ninyi mmenipa kadi nyekundu. Nawe unakaa hapa unalia chozi unaniambia nzuri!"

Mzee akaiweka skonzi chini. Akapangusa mdomo kwa mkono wa koti.

"Leo ni chumvi," alisema mwishowe. "Siku nyingine zote ni sabuni."

"Sabuni?"

"Sabuni. Tangu Machi."

"Na umekula kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa nini, we mzee? Kwa nini?"

"Ningesema, ungefunga." Hakumtazama, alikuwa anamtazama mbwa. "Ukifunga mimi niende wapi mchana? Nyumbani kule kuna kiti cha Olwen kinaniangalia. Afadhali sabuni."

Bi Tuffley alikaa naye kwenye lile bunda. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kwenda tena. Wakatazama watu wanavyovutana kamba uwanjani mpaka upande mmoja ukaanguka wote.

"Kesho uje asubuhi," akasema. "Mlango wa nyuma. Utaonja wewe, mbichi na iliyoiva. Na sikiliza vizuri. Siku utakayoniambia nzuri na si nzuri, nafunga, na kiti cha Olwen kiko kinakungoja."

"Sijazoea kusema hivyo, Bi Tuffley."

"Utazoea."

Asubuhi akaja amenyoa ndevu, amevaa tai, kama anakwenda mahakamani. Bi Tuffley alikuwa amekanda. Akamega kipande kidogo cha unga, akakiweka kwenye kisahani mbele yake, akasimama amekunja mikono. Yapp akakitia mdomoni. Alitazama dirisha. Akatazama zile chupa safi za Prue, akamtazama Gaffer, hakupata msaada.

"Sema," alisema Bi Tuffley.

"Si..." Mzee akailegeza tai. "Si vile..."

"Sema, Cuthbert!"

"Mbaya," akasema. "Mbaya, Mavis. Mbaya sana."

Bi Tuffley akakaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa aproni, mabega yanatikisika. Yapp akainuka kwa hofu, akawa anasema samahani, samahani, sikukusudia. Lakini aproni iliposhuka, uso wake ulikuwa umelowa machozi na unacheka.

"Sema tena," akamwambia, na akanyoosha mkono kwenye ile rafu ya chupa, akaanza kuzishusha moja moja mbele ya mzee ili azionje, wajue sabuni inatoka katika ipi.