Nilivyoijua Nasaba ya Mbwa Mahurunga

Nichekeni tu, maana aibu hii nimeificha mpaka nimechoka. Enzi zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa bwana mifugo Mtwara (bwana mifugo kwenye mikorosho na mihogo, ng'ombe unawatafuta kwa tochi), kijana wa Kondoa niliyepanga chumba mtaa wa Rahaleo, na nilikuwa nimempenda Somoe, binti wa kijiji cha Mahurunga aliyekuja mjini kujifunza kushona. Kusini sikuwa na ndugu, basi mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye kwao ndiye mwenye kauli ya mwisho, akaagiza niende mwenyewe Ijumaa baada ya swala, wanione.

Mkuu wangu wa kazi akapata habari. Yeye alifuga dume la mbwa wa Kijerumani, wale wakubwa wa polisi, na alisikia huko kuna jike la aina hiyo, mpishi mmoja kaachiwa na mzungu aliyerudi kwao.

"Ndugu, chukua Landrova ya ofisi," akasema, "ila unichunguzie lile jike. Sitaki koko. Nataka mama yake, bibi yake, na magonjwa ya ukoo wao, hasa nyonga, ndiyo maradhi ya mbwa hawa."

Nani akatae kwenda kuposa na Landrova? Nikakubali, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilifika asubuhi. Nyumba zilikuwa zimehamishiwa pamoja, zimepangwa mstari kando ya barabara, mgeni hafichiki, na kwanza lazima ujieleze kwa balozi wa nyumba kumi. Nikaona haya kumwambia nimekuja kuposa, nikasema nimekuja kikazi, kwa ajili ya mbwa. Balozi akafurahi, akanipeleka kwa mpishi mwenyewe. Nikafanya kazi kwelikweli, kwa hilo msinilaumu: nikamkimbiza mbwa uwanjani nione miguu ya nyuma, nikammulika macho, nikamfunua meno, nikauliza kama kachanjwa kichaa, kama yuko ndugu yake aliyechechemea au kuanguka kifafa. Mpishi alijua yote. Huyu ni Berta, mama yake Olga, bibi yake Greta, wote nyonga nzima. Berta akanilamba mkono hadi kiwiko, na bibi kizee wa nyumba ya pili akaja na kata ya maji na udongo, maana mate ya mbwa ni najisi, akanimiminia mpaka nikatwaharika. Nikasema ahsante bibi, nikaenda zangu kuvaa kanzu.

Baada ya swala nikaelekezwa kwa mjomba. Ilikuwa nyumba ile ile ya pili, na barazani ameketi balozi.

"Huyu nimemwona kazini asubuhi," balozi akaanza kunisifu, tena kwa moyo mweupe. "Mbwa kamuulizia mpaka bibi yake. Mtu mwangalifu namna hii atatunza mke."

Mjomba akanitazama. "Bibi yake mbwa anaitwa nani?"

"Greta," nikajibu upesi (mdomo huu, jamani).

"Na bibi yake Somoe?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mimi niliyekuja kuomba mtoto huyo hata mama yake nilimjua kwa jina la Mama Somoe tu.

Kutoka mlangoni ikaja sauti ya yule kizee wa kata ya maji. "Nwacheni ntoto wa watu," akasema. "Mie nyonga zinaniuma tangu masika, lakini hakuja kwa ajili yangu."

Baraza zima likaangua kicheko, balozi akashika mbavu. Wasiocheka walikuwa wawili, mjomba, na Somoe, niliyemwona nyuma ya bibi yake kajifunika uso kwa kanga.

"Posa yako rudi nayo, ndugu," mjomba akasema taratibu. "Ukitujua, utakuja."

Nilikwenda tena baada ya msimu wa korosho, kwa baiskeli, nimeshauliza majina yote mpaka ya mama wa bibi. Kizee akanipa maji ya kunywa, akanitazama ninavyohema.

"Haya, niulize," akasema.

"Bibi, unaitwa nani?"

"Binti Mfaume. Somoe kaolewa mwezi uliopita, mjukuu wangu."

Tangu siku ile, nikipewa maji kwenye nyumba ya mtu, namuuliza aliyenipa jina lake kabla sijanywa. Na mbwa wa watu simchunguzi tena, hata akija kunilamba mwenyewe.