Mji wa barafu chumbani kwa Kunigunda

Ukungu wa Julai haujaondoka barabarani Kitai, na tayari watu sita wa Kunigunda Kapinga wamekufa kwa baridi.

Mwenyewe amejifunga kitenge juu ya sweta, mkono mmoja kikombe cha chai, mwingine kipanya cha kompyuta. Hapigi kelele. Anasogeza uso karibu na kioo, anaangalia nyumba zilizobaki na moto, kisha anakiambia kipaza sauti alichokifunga kwa mpira juu ya kopo la rangi: "Jamani, hawa nimewaua mimi. Tusimsingizie mtu."

Nje, lori la makaa ya mawe kutoka mgodi wa kijiji cha Ruanda, huku huku kwetu, linapita kuelekea Songea na mabati ya chumba yanalia. Ndani, kwenye mji wake, makaa ndiyo yaliyokwisha.

"Dada Gunda, lisimamishe hilo utuombee kidogo," anasema mteja mmoja aliyewahi benchi, na wenzake wanaangua kicheko.

Kunigunda hacheki. Yuko kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Kunigunda, mwenye miaka 33, anaendesha chumba cha gemu kando ya barabara ya Songea kwenda Mbinga. Vijana wanalipa shilingi mia tano kwa saa kucheza mpira wa kwenye kioo. Asubuhi, kabla hawajajaa, yeye hucheza michezo migeni, huirekodi na kuichambua kwa Kiswahili mtandaoni: upi una akili, upi ni kelele tupu, na kwa nini. Ni kazi ambayo hata mama yake mzazi alichukua muda kuielewa, na huenda bado anaitafakari.

Msimu huu anachambua mchezo mmoja tu. Walioutengeneza wameupa jina la kwao, lakini yeye anauita Tanuru, na watazamaji wake hawaujui kwa jina jingine. Dunia imeganda. Watu wachache waliosalia wamekimbilia kwenye bonde lenye tanuru kubwa, na mchezaji ndiye mkuu wao. Anawajengea nyumba, anawatuma wakachimbe makaa na kuwinda, anawatungia sheria. Akikosea, wanakufa. Akipatia, wanaishi mpaka kosa lake linalofuata.

"Gemu nyingi zinakupa bunduki," anasema. "Hii inakupa njaa ya watu wengine. Ukishajua kuna mtu anakutegemea, hata chai haipiti vizuri."

Chai yake, kwa kweli, imepoa.

Pamoja na mapenzi yote hayo, chumba si chake. Babu yake alikijenga kiwe ghala la kahawa la ukoo, na Kunigunda aliporudi kutoka Songea, alikokuwa ameajiriwa kwenye duka la kompyuta, baba yake, Mzee Mansuetus, alimruhusu akitumie kwa kuwa kilikuwa kimebaki cha panya. Mwaka huu kahawa imezaa. Baba yake mdogo, Kilian Kapinga, anataka ghala lirudi kuwa ghala, na suala hilo litaamuliwa na wazee wa ukoo Jumapili hii.

"Wakikifunga narudi Songea kuuza chaja," anasema Kunigunda. "Sina pengine pa kuweka hivi vitu. Kupanga chumba hapa barabarani siwezi, na kule Ukata kwa mama umeme unakuja kama mgeni wa Krismasi."

Anasema hivyo akitabasamu.

Umaarufu wake, kama tunaweza kuuita hivyo, ulianza kwa aibu. Siku ya kwanza kucheza Tanuru aliujenga mji wake kama Mmatengo yeyote mwenye adabu angejenga. Huku milimani kila ukoo una ntambo wake, mgongo wa mlima katikati ya vijito viwili, na humo ndimo wanamojenga, wanamolima ngolo, yale mashamba yao ya mashimo, na wanamozikana. Nyumba hazibanani. Kumjengea mtu mlangoni ni kumtafuta ugomvi.

Basi Kunigunda akawapa watu wake nafasi. Familia hii kilima kile, ile kilima kingine, wote wakae kwa heshima. Tanuru akaliacha peke yake katikati ya bonde, limezungukwa na theluji safi isiyokanyagwa na mtu. Kulipokucha kwenye kioo, mji mzima ulikuwa umeganda. Moto ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa. Haukumfikia mtu hata mmoja.

"Sikufuta ile video," anasema. "Nilitaka kuifuta, mkono ukakataa. Nikasema, kama ni kosa, ni kosa la kwetu."

Hapo ndipo watu walipomiminika. Kutoka Mbinga mjini wakamwandikia kwamba na wao wangejenga vivyo hivyo. Kutoka ziwani Nyasa, ambako watu hukaa wamesongamana ufukweni na hawaoni shida yoyote, wakamcheka mpaka basi.

Mmoja wa wale wa ziwani ni Ottilia, mama anayekausha usipa, dagaa wa ziwa hilo, kule Lituhi, ambaye baridi anayoijua ni ya asubuhi moja moja mvua ikinyesha. Humtumia Kunigunda ujumbe wa sauti kila video inapotoka, na hana maneno laini.

"Mwanangu, unasubiri njaa ifike ndipo utafute chakula?" anasikika katika ujumbe mmoja, nyuma yake kuku wakigombana. "Usipa tunaukausha siku umejaa, siku watu wameuchoka mpaka hawautaki. Akiba haiozi. Hao wawindaji wako watume mapema, nyama igande, si barafu ipo bure?"

Kunigunda aliufuata ushauri huo, na mji wake uliofuata ukaishi mara mbili ya ule wa kwanza. Alilisema hilo wazi mbele ya watazamaji wake wote na kumtaja mama Ottilia kwa jina. Huo ndio uungwana wake: hajifanyi ameshuka na akili zote kutoka mbinguni.

Michezo anaipima kwa debe. Debe limejaa, debe limepungua, debe limejaa pumba. Na hatoi hukumu kabla ya kucheza hadi mwisho, hata umeme ukatike mara ngapi. Wachambuzi wengi, anasema, huonja kijiko kimoja wakaandika habari za chungu kizima.

Katikati ya wiki Mzee Kilian alifika chumbani na kamba mkononi, kuja kupima ni magunia mangapi yataingia. Ni mtu mrefu, mkavu, msema kweli, na hana ubaya na mtu. Ana kahawa tu, na kahawa haitaki unyevu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Endelea na yako, mimi napima."

Akapima ukuta wa kwanza. Akapima wa pili. Alipofika nyuma ya kiti cha Kunigunda, mji wa kwenye kioo ulikuwa taabani: wagonjwa wamejaa, akiba inaisha, na mchezo umeleta sheria ya kutia saini. Wagonjwa wapewe uji mwepesi ili wanaochimba makaa washibe. Kubali, au kataa.

"Hao wanataka nini?" akauliza Mzee Kilian.

Kunigunda akamweleza.

"Mgonjwa apewe maji maji? Nani kasema?"

"Ni gemu, baba mdogo. Inakupa uchague."

"Kataa."

"Nikikataa chakula hakitawatosha."

"Gunda, nimesema kataa. Mgonjwa unamwongezea, humpunguzii. Au wewe ulilelewa wapi?"

Kunigunda akakataa. Wateja waliokuwa kwenye mpira wakaacha mpira. Mzee Kilian akavuta kigoda, kamba ikabaki magotini, akaanza kutoa amri: hawa waende kuwinda, wale wa ofisini nao waende, hao mafundi wamekaa tu wana nini? Na jiko liwe moja, wote wale pamoja, mkubwa na mdogo. Kunigunda alibonyeza kila alichoambiwa. Pale ambapo mchezo haukuwa na namna ya kutimiza amri ya mzee, alimwambia ukweli, na mzee akasonya.

Chakula kiliisha. Watu wakakasirika, kisha wakaanza kuanguka, na mwishowe wakamfukuza mkuu wao mjini. Yaani walimfukuza Mzee Kilian Kapinga.

Akasogeza kigoda karibu na kioo.

"Wametuonea," akasema. Kisha: "Washa tena."

Kesho yake alirudi kupima. Na keshokutwa. Chumba chenye kuta nne kilipimwa wiki ile zaidi kuliko shamba lolote la wilaya hii, na kila kipimo kiliishia kwenye kigoda. Safari ya mwisho wakaanza na nyama ya akiba kama Ottilia alivyoelekeza, nyumba zikabanana kuzunguka moto bila kujali nani kamjengea nani mlangoni, na ile sheria ya uji mwepesi wakaikataa tena. Mji haujafa. Umehifadhiwa kwenye kompyuta ukisubiri dhoruba kubwa kuliko zote.

Kwa ruhusa ya mzee, Kunigunda aliirekodi siku ile ya kwanza na kuiweka mtandaoni, na hakuna uchambuzi wake uliotazamwa zaidi kuliko huo. Hukumu yake kwa Tanuru, ya muda mpaka mchezo uishe, anaitoa mwishoni, na inafaa kunukuliwa.

"Debe limejaa, lakini mna kokoto," anasema humo. "Aliyeitengeneza hii anaijua baridi. Anaijua njaa, anaujua woga. Picha zake ukiziangalia unashika kitenge. Ila sengu haijui. Ametupa kitufe cha kumpunguzia mgonjwa uji na kitufe cha kupeleka watoto mgodini, lakini hakutupa kitufe cha kuita nyumba zote zije na vyungu vyao. Anaamini watu wakibanwa lazima waumane. Wengine tumebanwa, na hatukuumana."

Sengu anayoitaja ndiyo itakayomhukumu. Ni mlo wa ukoo kwa mkubwa wa familia: kila nyumba inaleta chakula chake, wanaume wanazunguka ugali wao uani, wanawake wao jikoni, na watu wakishanawa, mambo ya ukoo yanazungumzwa. Kwa familia nyingi imebaki masimulizi. Kwa kina Kapinga ingali hai kila Jumapili baada ya misa, kwa Mzee Mansuetus.

Jumamosi mwandishi wa makala haya anamkuta Mzee Kilian akigeuza kahawa kwenye vichanja na kumuuliza atasema nini kesho. Hanyanyui uso.

"Mchezo ni mchezo, kahawa ni kahawa," anajibu. "Kahawa ndiyo iliyomsomesha."

Jumapili, Kunigunda yuko jikoni na shangazi yake Albina, wakipakua maharage. Yeye si wa kuzungumza uani. Kesi yake inasemwa na wanaume, na baba yake kama mwenye kikao hawezi kumpendelea. Kila sauti ikipanda anaacha mwiko hewani. Mara moja kinasikika kicheko, halafu kimya, na kimya ndicho kinachomtesa zaidi.

"Pakua, mwanangu," anamwambia shangazi Albina. "Maharage hayajui una kesi."

Anapakua. Katikati ya woga huo anaeleza mipango yake, harakaharaka, kama mtu anayefungasha mizigo. Wakimwachia chumba, atamaliza Tanuru na kutoa hukumu kamili. Kisha atashusha kompyuta na kioo kikubwa mpaka Lituhi, ashinde siku nzima kwa Ottilia, watu wa ziwani wauendeshe mji wenyewe huku yeye akirekodi. Anataka kuchambua gemu pamoja na watu wanaoijua shida inayochezwa. Na anataka kuwaandikia watengenezaji, kwa Kiswahili, waitafute wenyewe tafsiri, awaombe waongeze jiko moja la wote.

"Wasipojibu?" mwandishi anamuuliza.

"Watakuwa wameandikiwa," anasema.

Uani viti vinasogezwa. Mzee Kilian anatokea mlangoni mwa jikoni, ameinama kukwepa boriti, mikono bado ina maji ya kunawa. Shangazi Albina anampisha. Kunigunda anasimama na bakuli lake, hajui aliweke wapi.

"Kahawa nitaipeleka kwa jirani yetu Wendelin, ana nafasi," anasema mzee, akijifuta mikono kwenye suruali kana kwamba hayo ndiyo yaliyomleta. "Saa za kuchuma na saa za ngolo utafunga mlango, vijana waende mashambani. Hilo tumekubaliana wote."

"Na saa nyingine, baba mdogo?"

"Saa nyingine utafungaje? Mimi bado nina watu mule ndani."

Kunigunda anajibu, "Ndiyo, baba mdogo," kwa sauti ya kawaida kabisa. Anangoja mzee ageuze mgongo, anamkabidhi shangazi yake bakuli, anaketi chini kando ya mafiga, na kulia kama mtoto.