Nilitia Udongo wa Tuta Tangini, Nikamsingizia Mama Mkwe

Nilimsingizia mama mzaa mke wangu kosa nililolitenda kwa mikono yangu miwili. Ningeweza kuandika kwamba nilighafilika, au kwamba shetani alinipitia. Siandiki hivyo. Nilikuwa na akili zangu timamu, na kila nikikumbuka najisikia kichefuchefu.

Wewe unayesoma hunijui, ndiyo maana naweza kukueleza. Mimi ni mwanamume wa makamo, mzaliwa wa hukuhuku Ufipa, mwenye shahada ya kilimo, mfanyakazi wa ofisi moja mjini Sumbawanga. Watu husimama kunisalimu. Laiti wangejua harufu iliyotoka sebuleni kwangu!

Mama mkwe alipanda kutoka Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, kuja kwetu kwa ajili ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilifanyiwa upasuaji likapona vizuri. La kushoto aliambiwa asubiri kwanza hilo jingine litulie. Tukakubaliana akae kwetu hadi amalizie.

Alikuwa mgeni asiye na usumbufu. Baridi ya huku juu ilimkalia magotini, akawa anajichua kwa dawa kila jioni, lakini hakulalamika hata mara moja.

Mke wangu, Mama Neema, ni muuguzi. Alitaka mama yake awe na kitu kidogo cha kutazama kwa jicho lile jipya, tena kitu cha kwao. Akamtengenezesha fundi wa vioo vya madirisha tangi dogo, kisha akamwomba mdogo wake Deo, ambaye huleta dagaa mjini, amletee uduvi: wale kamba wadogo wa ziwani wanaong'ang'ania mawe kandokando ya maji, miili yao ikipitisha mwanga hata utumbo unaonekana. Akaagiza na majani ya majini ya kupanda humo.

Deo alivileta vyote, pamoja na mfuko wa mchanga wa ufukweni uliojaa vipande vya makombe ya konokono.

"Shemeji, mchanga wao ndio huu," alisema akiutua barazani. "Wamezaliwa humu, waache wakae humu. Usijifanye fundi."

"Mchanga hauna rutuba, Deo. Majani yatakula nini?"

"Yatakula ugali! We weka mchanga, bwana."

Mke wangu naye alikuwa amesoma kwenye simu yake. Uduvi wa ziwa lile wamezoea maji yenye chokaa, aliniambia, na yale makombe huyeyuka polepole yakayaweka maji katika hali hiyo. Udongo wa shambani usiingie kabisa. Kisha akaenda zamu, akaniachia mimi kazi ya kupanga tangi.

Ni kazi ya kumwaga mchanga! Mtoto angeifanya. Mimi nikaifanya kuwa uwanja wa kuonyesha elimu.

Sisi Wafipa tuna namna yetu ya kulima ambayo wageni huishangaa. Mvua zikielekea ukingoni, tunageuza ardhi kwa jembe pamoja na nyasi zake, tunazifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba, nazo zinaozea humo. Msimu unaofuata tuta linabomolewa, na ulezi unapandwa juu ya udongo ule mweusi. Nilipokuwa chuoni niliandika utafiti wangu juu ya matuta hayo na nikasifiwa. Basi nani angeniambia mimi habari za udongo? Muuguzi? Mchuuzi wa dagaa?

Nilikwenda shambani kwetu, nje kidogo ya mji, nikabomoa ntumba moja. Nyasi zake zilikuwa bado hazijaoza sawasawa. Niliziona. Nilizishika. Nikajiambia zitamalizia kuoza tangini, na majani ya Mama Neema yatastawi kwa namna ambayo Deo hajawahi kuiota.

Nikalijaza tangi udongo ule, unene wa kiganja kizima. Juu yake nikatandaza mchanga wa Deo, mwembamba kama kitambaa cha meza, ili mke wangu asigundue. Nilikuwa nimekusudia nimwambie baadaye, majani yakishastawi, ili anipongeze.

"Umeweka mchanga wa Deo?" aliniuliza aliporudi.

"Si huo hapo? Hujauona?"

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, na huo ndio ubaya wake. Majani yalichipua kwa kasi. Uduvi walipanda na kushuka juu yake wakichokonoa kwa vijimikono vyao. Mama mkwe alisogeza kigoda chake karibu, akawa anakaa hapo mchana kutwa, mikono ameikunjia mapajani. Tangini hakugusa hata kioo. Alikaa mbali kidogo ili pumzi yake isitie ukungu.

Siku moja alimwita mke wangu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Mama Neema! Njoo! Huyu ana mayai."

"Umeyaonaje, Mama? Mimi mwenyewe siyaoni."

"Yako chini ya tumbo, ya kijani. Mwanangu, naona! Naona mpaka mayai ya uduvi!"

Wakacheka hadi wakashikana. Mke wangu akalia. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikijipongeza moyoni, mjinga mimi.

Halafu mapovu yakaanza kupanda kutoka chini. Moja moja, kisha kwa mafungu. Maji yakageuka rangi ya chai ya rangi, juu yakatanda utando wenye mafuta kama wa mchuzi uliolala. Kutoka mchangani vikachomoza vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi, vikijinyonganyonga. Nilipoinama kunusa nilirudi nyuma. Lilikuwa yai viza, si moja, kapu zima!

Uduvi wakakimbilia juu. Walijazana kwenye ncha za majani wakitafuta hewa, halafu mmoja mmoja wakaachia na kuzama. Uduvi akifa, ule mwili wa kupitisha mwanga unakuwa mweupe kama nyama iliyochemshwa, kisha unakuwa wa waridi, kisha wenzake wanaanza kumla. Nimeyaona hayo. Nilikuwa naamka mapema kabla ya wengine ili niwaopoe waliokufa.

Niwaambie nilivyowaopoa? Kwa chujio la chai. Nililisuuza kwa maji tu, nikalirudisha jikoni, na asubuhi ileile tukanywa chai sote, na mama mkwe akanishukuru kwa kumpitishia kikombe.

Kuna siku nilijaribu kurekebisha. Niliingiza mkono ning'oe jani moja nione mizizi. Tandiko lote likapasuka. Povu kubwa likatoka likanipigia usoni, na mkono wangu ukazama katika uji mweusi, wa utelezi, wenye nyuzi za nyasi zilizooza nusu. Nilitapika kwenye ndoo ya pembeni. Nilinawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Harufu ikabaki chini ya kucha. Huo ndio udongo niliousifia chuoni. Shambani, penye hewa, ni uhai. Nilikuwa nimeuzamisha majini na kuufunika juu, kisha nikashangaa ukioza.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lilikuwa kosa la udongo tu! Mke wangu angenicheka, Deo angenitania hadi Krismasi, tungemwaga kila kitu na kuanza upya kwa mchanga. Lakini mimi ni msomi. Mimi watu husimama nikipita. Nikasawazisha mchanga juu ya uozo ule, nikanyamaza.

Mke wangu alikuwa amepangiwa zamu ngumu siku hizo, akirudi ni kulala tu. Alipopata mapumziko akasimama mbele ya tangi. Hapakuwa na uduvi hata mmoja aliyebaki.

"Baba Neema, kimewaua nini hawa?"

Nililitamka hili neno lifuatalo bila kupanga, lakini nililitamka.

"Sijui. Labda Mama. Akishajichua magoti huwa anatia vidole humo kuondoa majani makavu. Ile dawa ni kali."

Wewe usiye wa huku pengine utaona ni uongo mdogo. Kwetu mkwe ni mtu wa kustahiwa kupita wote. Simtazami usoni, namsalimu nimeinama huku nikipiga makofi taratibu, na siwezi kumtaja kwa kosa hata kama kweli kalitenda. Naye habishani nami. Hana kinywa cha kujitetea mbele yangu. Nilijua hilo nilipomchagua yeye. Ndicho kinachonitapisha kuliko uji ule mweusi: nilimchagua kwa sababu hangejibu.

Mke wangu alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake. Nilisikia kila kitu.

"Mama, mikono na dawa, tangini? Kwa nini usiniite mimi? Umewaua wote! Deo kawabeba kutoka Kasanga, wewe unawaua!"



"Nani kasema?"

"Baba Neema kakuona."



"Kama baba amesema, basi ni mimi. Mnisamehe."

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi. Nilipandisha mguu mmoja juu ya mwingine. Hicho ndicho nilichokifanya.

Kuanzia hapo mama mkwe hakukaa tena sebuleni. Alikula chumbani, aliomba ruhusa hata ya kuchota maji. Kisha akampigia Deo simu amfuate, akisema ametamani kwao. Jicho la kushoto lilikuwa bado. Mke wangu alimbembeleza, akakasirika, akasema mama ananuna kama mtoto kwa ajili ya uduvi. Mimi nikasema, "Mwache apumzike nyumbani kwanza." Nilisema kwa upole kabisa. Hata sauti yangu ya siku ile inanitia kinyaa.

Deo alifika na gari lake la dagaa. Mizigo ya mama ikapakiwa. Akaliona tangi uani, nilikokuwa nimelisogeza kwa sababu ya harufu.

"Hili vipi, mmelitelekeza? Ngoja nilisafishe, niwaletee uduvi wengine. Mchanga wangu bado mzuri."

"Liache tu, Deo," nilisema haraka. "Nitalimwaga mwenyewe."

"Shemeji, wewe umevaa shati jeupe, tulia."

Akaliinamisha.

Maji meusi yakatoka kwanza. Halafu lile tandiko likateleza lote kwa pamoja, likaanguka chini kwa kishindo cha kinyesi cha ng'ombe. Harufu ikatupiga sote. Jirani akachungulia dirishani, akalifunga.

"Mungu wangu! Shemeji, umezika mtu humu?" Deo alicheka akiziba pua. Akachokoa kwa kijiti. "Mbona huu si mchanga wangu? Huu ni udongo. Na hizi nini... nyasi?"

Mke wangu alikaribia. Akachuchumaa, akavuta utepe mmoja wa nyasi kutoka katika uozo ule, akauangalia. Yeye ni mtu wa ziwani, lakini tangu nimuoe amelima na mama yangu kila msimu.

"Hii ni ntumba," alisema polepole. Akainua macho. "Baba Neema, mama yangu alizitoa wapi nyasi hizi?"

Deo aliacha kucheka.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya gari. Alisikia yote. Aligeuka, akanipa mgongo, akatazama barabarani. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananistahi. Kwetu mkwe hatazami aibu ya mkwe wake.

"Deo, washa gari," alisema. "Jua linakwenda."

Mke wangu alilia akishika mlango wa gari, akimwomba mama ashuke. Hakushuka. Usiku hatukuzungumza, wala siku zilizofuata. Leo tunazungumza: chumvi imeisha, umeme umekatika, ada ya Neema. Basi. Hata 'Baba Neema' haniiti tena. Jina langu halitaji.

Nilikwenda Kasanga. Nilipofika alitoka kunipokea, akajigonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango wake mwenyewe, akatabasamu kama asiyeumia. Nilipiga magoti mchangani, nikapiga makofi, nikasema yote bila kubakiza, hata la chujio.

"Nilijua, baba," alinijibu akitazama pembeni. "Nilijua ile siku ileile."

"Kwa nini hukumwambia mwanao, Mama?"

"Nimwambie mume wake mwongo? Halafu aishi naye vipi? Mimi ni mpita njia pale, yeye ndiye mwenye nyumba."

Nilimsihi arudi, amalizie jicho. Nikamwambia nitahama mimi chumba, nitalala popote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniwekea maji ya kunawa na samaki, kama anavyowekewa mkwe mwenye heshima zake.

"Hapana, baba. Nimesamehe, usihangaike. Lakini nyumbani kwako nikivunja hata kikombe, nitaogopa."

Niliwala wale samaki. Ningekataa ningemtukana mara ya pili.

Siku aliyopangiwa upasuaji wa pili ilipita. Mke wangu humpigia na kumuuliza kuhusu jicho. Naye hujibu kwamba linaendelea vizuri. Sote tunajua haliendelei vizuri.

Ninyi mnaotaka kufuga uduvi, sikilizeni: tandikeni mchanga wa kule walikotoka, na udongo wenye nyasi zisizooza usiingie majini hata chembe. Hilo mtaelezwa na yeyote. Langu mimi ni jingine. Ukishakosea, sema. Sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado ni la udongo tu na watu bado wanaweza kucheka. Usiangalie ni nani ndani ya nyumba asiye na kinywa cha kukujibu. Sema wewe, kwa aibu yako yote, kabla mtu mwingine hajaanza kufungasha.