Ndege ya Mume Wangu na Maharage ya Mama Mkwe

Jamani, leo injini ya ndege imewaka uani kwetu Murukulazo!

Ni ile ndogo anayoiunga mume wangu kwa vipande alivyonunua vikiwa kwenye maboksi, tangu alipozitamani ndege zinazoleta misaada ya wakimbizi.

Mama yake hakuitaka kabisa. "Hilo dude litoke. Hapa ni pa kupuria maharage!"

Basi injini ikanguruma, pangaboi likazunguka.
Upepo ukavamia maharage ya mama aliyotoka kuyapura. Makapi yakapaa hadi kwa jirani!

Mume akazima, akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

Mama akachota maharage, akayatazama. Yamepepeteka, safi kabisa.

"Nani kakwambia uzime? Washa, nilete na gunia lingine!"

Mimi hoi kwa kicheko.
Semeni wenyewe, hii ndege itaruka lini?