Disketi ya Mfukoni

Walisema mtoto wa mchunga ng'ombe hataiweza kompyuta. Nikaenda India, nikarudi Mwanza na diploma, na leo mimi ndiye mtaalamu pekee katika ofisi ya kusafirisha sangara hapa Kirumba.

Nilipiga marufuku disketi zote za kutoka nje ya ofisi, maana ndizo zinazoleta virusi. Yangu sikuihesabu. Ilikuwa na barua ambazo Sunita, mpenzi wangu wa kule India, alinichapia chuoni kabla hatujaagana. Nilizisoma kila jioni, na mara nyingi niliisahau disketi ndani ya mashine hadi asubuhi.

Wiki iliyopita kompyuta iligoma kuwaka, na majina ya wateja wote yakapotea. Mbele ya meneja nilimlaumu Mama Koku, katibu muhtasi wetu, kwamba anaokota disketi mitaani. Kisha nikaiwasha mashine kwa disketi safi, nikazikagua disketi zote za ofisi kwa programu yangu ya kusaka virusi. Zote zilikuwa safi.

"Bado hiyo ya mfukoni mwako, Mtaalamu," alisema Mama Koku.

Nilipoiingiza tu, mashine ikalia. Programu yangu ilijua dawa moja, kufuta kila kilichomo.

"Futa," alisema meneja. "Mbona unasita? Humo kuna nini?"

"Barua za mtu."



"Soma moja kwanza, baba," alisema Mama Koku. "Sisi tutatazama dirishani."

Wakageuka wote. Nikasoma ile fupi, ambamo Sunita aliniuliza kama ziwa letu lina mawimbi, kisha nikabonyeza.